Kuhusu Kiti Changu cha Meza Kuu na Mguu wa Mwenyekiti

Aloys Ndeti,
Karibu na soko la mbuzi,
Mwala.
Jumatano.

Kwa Daktari Justus Ndunda,
Katibu, Chama cha Madaktari Wapasuaji wa Mifupa, Kanda ya Ukambani,
Machakos.

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii itakupata ukiwa mzima, na mifupa yako yote mia mbili na sita ikiwa mahali pake. Hesabu hiyo nimeitaja mapema ili ujue kwamba unaandikiwa na mtu wa kazi.

Mimi ni Aloys Ndeti. Kama hujawahi kulisikia jina hilo, simama mlangoni pa ofisi yako umuulize mtu yeyote anayetoka Mwala. Mimi ndiye mjomba wa Daktari Wanza, huyo mnayemsimika Jumamosi ya wiki ijayo kuwa mwenyekiti wenu. Mama yake, Kalondu, ni dada yangu mkubwa. Nilisoma mpaka darasa la saba, na ningeendelea, lakini mwalimu mkuu aliniita kando akaniambia kwamba wamebakiwa na vitu vichache sana vya kunifundisha.

Jana nilipokea kadi yenu. Ni kadi nzuri, ngumu, yenye maandishi ya dhahabu, na dada yangu ameshaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Juu imeandikwa "Kuongoza Chama Kuelekea Kesho". Chini imeandikwa "Mjomba, Meza ya 19". Nimeuliza. Meza ya 19 iko nje ya ukumbi wa hoteli, ndani ya tenti, upande wa jikoni. Basi kwa heshima zote, na bila hasira kwa sababu hasira hunipandisha presha, niko na malalamiko. Nimeyapa namba ili msiyaruke.

1. Kiti. Naambiwa kwenye meza kuu atakaa mtu wa kampuni inayowauzia skrubu. Sina ubaya na mtu wa skrubu. Lakini mimi nimeunga mifupa miaka thelathini na mitano na sijatumia skrubu hata moja, na bado yeye anakaa kwa kitambaa cheupe na mimi nakaa na masufuria. Shida ni kwamba nimeshawatangazia watu. Soko zima la mbuzi linajua kwamba nitakaa meza kuu. Duale, mfanyabiashara wa mifugo anayenunua mbuzi kwetu na kuwapeleka Machakos mjini, ameahidi kuliosha lori lake kwa sabuni, na watu thelathini na wanne wamejiandikisha kuja nalo. Hawaji kumtazama Wanza. Wanakuja kunitazama mimi nikikaa. Sasa wakinikuta kwenye tenti nikipokezana sahani na wapishi, nitaingia soko gani tena maishani? Duale ana mdomo. Mwezi uliopita tu alisema mbele ya watu, "Wewe Ndeti, mbuzi wako hupona haraka ili wasikuone tena!" Watu walicheka mpaka bei zikasahaulika. Huyo ndiye mtu ninayemletea meza ya 19.

2. Historia ya mguu. Hapa naomba msome polepole, maana haya hayako kwenye vitabu vyenu.

Wanza alikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa kijana wa ishirini na moja, nikiendesha mkokoteni wa punda wa kuteka maji kwenye bwawa la mchanga. Punda huyo alikuwa na mbio za ajabu. Magari mawili yaliwahi kumpisha, na siku hizo Mwala nzima ilikuwa na magari mawili. Siku hiyo mtoto aliomba nimbebe juu ya mitungi. Kona ya mwisho niliikata vizuri sana. Punda akapita, mkokoteni ukapita, mitungi yote ikapita. Wanza peke yake ndiye hakupita.

Mto ulikuwa umejaa, hakuna gari la kuvuka kwenda hospitali. Dada yangu akamlaza kitandani, akamfunika leso mpaka kiunoni, akaanza kupiga kelele: "Aiyaa, Ndeti! Ni mguu wa kulia! Umevunja mguu wa kulia wa mtoto wangu!" Nikamwambia, "Kalondu, toka mlangoni, unaziba mwanga." Ingawa mwanga wenyewe siuhitaji, kama nitakavyoeleza.

Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshaunga miguu ya mbuzi mia moja na kumi na miwili. Mbuzi unamkalia kwa nyuma kama mtu anayepanda pikipiki, unambana kwa magoti, nyote wawili mnatazama upande mmoja. Halafu unafumba macho. Ndiyo, Katibu, mimi hufumba macho. Nataka vidole vifanye kazi bila kusumbuliwa. Kulia kwake ni kulia kwangu, na kazi inakwisha kabla mbuzi hajajua imeanza. Kwa Wanza nilifuata sayansi ileile. Niliketi mbele yake, ana kwa ana, nikafumba macho, nikapeleka mkono wangu wa kulia chini ya leso, nikaushika mguu. Fito nne, pamba ya godoro, na blada ya gurudumu la baiskeli yangu mwenyewe, ile mpya. Nikafunga.

Mtoto alilia, "Siyo huo, mjomba! Siyo huo!" Hata leo nikikumbuka najivunia ujasiri wake. Katika maumivu makali namna ile, bado ana akili ya kutaka kunipotosha ili nisimguse! Nikamuuliza, "Wanza, daktari ni nani hapa?" Nikakaza fundo.

Siku ya tatu akasema mguu unaouma ni ule mwingine. Dada yangu alinijia juu na mwiko wa kupikia muthokoi mkononi. Nikamweleza taratibu kwamba maumivu ni kama mpangaji. Ukiyafukuza nyumba hii, yanahamia ya jirani, na hiyo ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Hapo hapo nikatoa amri: mtoto asikanyage chini kwa mguu wowote, huu wala ule, kwa wiki sita.

Sasa shule ilikuwa ng'ambo ya kilima, na mtihani ulikuwa karibu, kwa hiyo nilimbeba mgongoni. Asubuhi kwenda, jioni kurudi, wiki sita. Punda alipumzika, mimi nikawa punda. Njia nzima alikuwa ananisomea sikioni kitabu cha sayansi alichoazima kwa wanafunzi wakubwa, chenye picha ya mifupa ya mtu, na nikikosea jina la mfupa ananivuta sikio. Ndiyo maana naijua mia mbili na sita. Lakini hayo ya kubeba ni mambo madogo, nayataja tu kwa sababu karatasi bado ina nafasi. Kazi ilikuwa ni kufunga.

Wiki ya saba nilifungua. Akasimama. Akatembea. Muhula uliofuata alishinda mbio za shule nzima, akampita hata mwalimu wa michezo, na mwalimu alikuwa na baiskeli.

3. Kura. Mlipiga kura bila kuniuliza. Mwenyekiti, Katibu, husimama kwa miguu miwili. Mmoja amezaliwa nao. Wa pili, yaani wa kulia, ni kazi ya mikono yangu. Kwa hesabu ya kawaida tu, nusu ya uenyekiti ni wangu. Naomba barua zote za chama ziwe zinaandikwa pale chini: "Dkt. Wanza, Mwenyekiti, pamoja na Mjomba." Na siku ya kusimikwa, kabla ya hotuba, auinue huo mguu kidogo watu wauone, kisha wapige makofi wakinitazama mimi.

4. Hiyo kesho yenu. Wanza amenieleza mipango, na nimesikitika kwa niaba yenu. Ati italetwa mashine yenye mikono inayopasua huku daktari ameketi kando akiangalia kioo. Ati mgonjwa akivunjika Kangundo, picha ya mfupa wake itafika Machakos kwa simu kabla yeye hajafika. Ati mtafundisha watu wa boda boda jinsi ya kumbeba majeruhi bila kumkunja kama gunia. Hilo la mwisho ni zuri, lakini ni nani kati yenu amewahi kumbeba mtu wiki sita? Inueni mkono niwaone.

Halafu kuna lile lililoninyima usingizi. Mnataka sisi waungaji wa kienyeji tuitwe, tusajiliwe, na tufundishwe. Tufundishwe! Mwaka juzi Duale aliniletea beberu aliyevunjika miguu mitatu akiruka kutoka kwa lori. Nilifunga yote mitatu, na kwa kuwa blada ilibaki nikafunga na wa nne ili usione wivu. Baada ya mwezi nikamfungua asubuhi hapa Mwala. Saa sita mchana beberu huyo alionekana Kangundo, na hakuna aliyemwonyesha njia. Duale anasema aliibwa akapelekwa huko na gari. Watu wenye wivu hawakosi maneno.

Mimi napendekeza kinyume chake. Kila daktari wenu mpya akae Mwala mwezi mzima na mbuzi. Akimaliza, mtihani wake ufanywe macho yamefumbwa, na mimi ndiye niwe nasahihisha.

5. Eksirei. Mtu anakuja kwenu akisema mguu unauma, mnampeleka kupigwa picha kana kwamba anatafuta kitambulisho. Kwani mguu ameusahau wapi? Yuko nao! Eksirei ni chombo cha mtu asiyejiamini. Naomba mashine zote za eksirei katika kanda hii zizimwe mwaka mmoja kwa majaribio, tuone nani atakosea mguu.

6. Uongozi kamili. Malalamiko ya 3 yamenipa nusu ya kiti. Ya 4 na ya 5 yameonyesha kwamba nusu nyingine haijui inakoelekea. Kwa hiyo, bila kutaka makuu, naona heri niwe mwenyekiti mzima, na Wanza awe makamu wangu mpaka akomae. Ana miaka arobaini na mmoja tu. Ofisi ihamie hapa kwangu, kuna banda la mbuzi lililo wazi tangu beberu aende Kangundo. Paa halivuji sana.

7. Ikiwa yote hayo yatakataliwa, basi nauondoa mguu wangu kwenye shughuli za chama. Simaanishi kumuumiza mtoto wa dada yangu. Namaanisha kwamba ule wa kulia usitumike kupanda jukwaani, kuingia mkutanoni, wala kukanyagia breki ya gari akiwa safari ya chama. Aruke na wa kushoto, ambao sina madai nao.

Nimemaliza malalamiko lakini sijamaliza heshima. Mimi ni mtu rahisi. Mkinipa kiti cha meza kuu, hayo mengine yanaweza kungoja hata mwezi mmoja.

Nisalimie kamati yote, manesi, wafagizi wa wadi, na kila aliye na plasta, mwambie asijikune kwa waya. Nisalimie mtu wa skrubu, mwambie sina kinyongo, asogee tu kidogo. Nisalimie na wapishi wa upande ule wa jikoni, ambao nasikia ni watu wazuri, ila sitaki kuwajua zaidi ya hapo.

Ni mimi, mwenye mikono iliyomsimamisha Mwenyekiti wenu,

Aloys Ndeti

Nyongeza chini ya sahihi, Alhamisi jioni:

Ndugu Katibu, bahasha nilikuwa nimeshailamba, na Duale angekuletea kesho akija mjini. Nimeifungua tena kwa mvuke wa sufuria ya chai. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu mwingine aje asome.

Leo mchana Wanza alikuja kumsalimu mama yake, akanikuta jikoni nikimsomea Kalondu barua hii kwa sauti. Nilifurahi, nikaanza upya ili asikose kitu. Nilipofika namba 2 aliketi. Nilipofika pale pa "Siyo huo, mjomba" alivua miwani akafuta macho, nami nikajua ni machozi ya shukrani, nikapandisha sauti. Nilipofika namba 5, ya kuzima eksirei, alicheka mpaka kuku wakatoka nje. Kisha akaenda kwenye gari akarudi na bahasha kubwa ya rangi ya kahawia.

Ndani kulikuwa na picha ya eksirei ya miguu yake yote miwili. Anasema walipigana picha wakiwa wanafunzi wa udaktari, katika kujifunza. Akaibandika dirishani. "Mjomba, huu ni wa kushoto." Mfupa ulikuwa umenyooka kama rula mpya, hauna hata alama. "Na huu ni wa kulia." Hapo, katikati ya muundi, palikuwa na kovu, kama chungu kilichopasuka kikazibwa. "Ulivunjika hapa. Na hakuna mtu aliyeufunga."

Nilimwambia ameigeuza picha. Akaigeuza. Nikamwambia hata hivyo ameigeuza. Kalondu, ambaye ana miaka sitini na mitatu na ana heshima zake kanisani, akasimama na kusema: "Nilikwambia wa kulia! Miaka thelathini na minne nimenyamaza, nikidhani mimi ndiye sijui kulia ni wapi!"

Wanza hakubishana. Aliketi mbele yangu kama siku ile, akajifunika leso ya mama yake, akaniambia, "Fumba macho, mjomba. Nishike mguu wa kulia." Nikafumba. Nikapeleka mkono wangu wa kulia. Nilipofungua macho nilikuwa nimeshika goti la kushoto. Nikarudia mara tatu ili kuwa na uhakika, na mara zote tatu goti lilikuwa lilelile.

Kwa hiyo, Katibu, nayaondoa malalamiko namba 2, na namba 3 ambayo ilikuwa imeegemea ya 2, na 6 na 7 ambazo zilikuwa zimeegemea ya 3. Eksirei msizime. Kama kuna moja iliyozimwa kwa bahati mbaya, iwasheni. Ile ya mbuzi inabaki, kwa sababu mbuzi tunatazama upande mmoja.

Nikamwambia Wanza kwamba Meza ya 19 inanitosha, na hata hiyo ni nyingi. Nitabaki nyumbani, na Duale nitamwambia nimeshikwa na homa. Akakataa. Ameniambia kadi zile ziliandikwa na kamati, iliyowaweka wajomba wote upande wa jikoni bila kuuliza, na kwamba yeye anayajua haya ya mguu karibu miaka ishirini. Anasema ndiyo maana alichagua mifupa, alitaka kujua mguu ambao haukufungwa ulipona vipi. Nikamuuliza, ulipona vipi? Akasema ulipona kwa sababu haukukanyaga chini wiki sita. "Fito zako hazikufanya kitu, mjomba. Ni mgongo wako." Mimi nilitoka nje kidogo kuwaangalia mbuzi, ingawa mbuzi walikuwa malishoni.

Niliporudi alikuwa anaandika. Anasema hadithi hii ndiyo itafungua hotuba yake ya Kuongoza Chama Kuelekea Kesho, yote, na zile "siyo huo" ndani yake, kisha atawaomba waungaji wa kienyeji waje wajifunze, mimi nikiwa wa kwanza kujiandikisha. Nilimsihi aseme ilikuwa ni mjomba mwingine. Akakataa. Nikamsihi aseme ni mjomba wa upande wa baba. Kalondu ndiye aliyekataa. Basi Duale atasikia, na watu thelathini na wanne watasikia, na kuanzia Jumatatu hiyo soko zima litaniuliza kulia ni wapi. Nimefikiria tangu saa nane. Nitakuja. Mwambie mtu wa skrubu asogee kweli.

Jambo moja tu limebaki. Wanza amesema nikae mkono wake wa kulia. Tafadhali, Katibu, kiti hicho kiandikwe jina langu kwa herufi kubwa kabla sijaingia. Kama ni kulia kwake yeye akitazama watu, au kulia kwangu mimi nikimtazama yeye, hilo sitaki tena kulikisia mbele ya Duale.